Mtamba Aliyelipia Jiko

Tundu la bomba bado lipo kwenye bati la chumba cha mbele. Baba aliliziba kwa lami na kipande cha kandambili, lakini mvua ikinyesha maji yanadondoka palepale, na hasira yangu inarudi ikiwa mpya.

Kabla ya bati tulikuwa na tembe, kama majirani wote wa kijijini kwetu, pembeni mwa barabara ya kwenda Mkiwa. Paa la udongo, kuta nene, mlango mmoja. Ndama na mitamba walilala ndani, nyuma ya ua wa fito, na kitanda cha bibi, mama yake baba, kilikuwa kimegusa ua huohuo. Mimi nililala naye. Upepo wa kipupwe wa kwetu unapasua midomo, lakini ndani ya tembe joto la ng'ombe lilipita kwenye fito mpaka likakufikia mgongoni. Bibi alikuwa na mtamba wake mwekundu, aliyemlea kwa maziwa ya kuomba kwa majirani baada ya mama yake kufa. Mtamba huyo alilala ameegemea fito upande wa bibi. Hakuna aliyemfundisha.

Halafu maduka yakajaa. Nilipokuwa mdogo, bati lilikuwa la wenye vibali. Sasa kila mwenye lori alikuwa mfanyabiashara, alizeti ilinunuliwa hapohapo barabarani, na mabati yalipangwa dukani yakimetameta. Baba akauza alizeti, akajenga. Ili apate boriti alibomoa tembe, akaacha chumba kimoja tu, kile chenye ua wa fito, cha kulaza mifugo.

"Nyumba ya bati hailali ng'ombe," alisema. "Watu watatucheka."

Kipupwe cha kwanza kilitukuta humo. Jua likizama, bati linapoa haraka kuliko sufuria iliyoepuliwa. Bibi alivaa magauni yake yote, akaongeza sweta la baba, akajifunga shuka juu, na bado meno yaligongana. Asubuhi vidole vyake havikuweza kushika kikombe. Baba aliona, na najua aliumia. Ndiyo maana fundi alimpata kirahisi.

Fundi alikuja na baiskeli, amefunga bomba refu nyuma. Alikuwa akitengeneza majiko ya mapipa ya kupasha nyumba joto, yenye bomba la kutolea moshi juu ya paa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo bunduki ni la nini?"

Fundi akacheka. "Bomba la moshi, bibi. Ukiwasha jiko langu jioni, asubuhi utaomba maji ya baridi unywe. Wazungu wa misheni wote wanalo."

"Na blanketi je, hawana?"

"Mama," baba akasema, "mwache mtu aeleze kazi yake."

Akaeleza. Pipa, bomba, kukata bati, simenti ya kukalishia, ufundi wake. Kila alichotaja, baba alikubali kwa kichwa, kana kwamba vyote vilikuwa vya bure. Mwisho wakaelewana kwamba gharama yote ni mtamba mmoja. Na mtamba aliyefikia kupelekwa mnadani alikuwa yule mwekundu.

Bibi akauliza, "Kwa hiyo mnamuuza anayenipa joto, mninunulie joto?"

"Mama, ng'ombe yuko kule na wewe uko huku. Anakupa joto gani?"

"Na huku nililetwa na nani?"

Fundi akaanza kulikagua bomba lake. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wa mtama. Maneno yalinijaa mdomoni, lakini msichana haingilii mazungumzo ya wakubwa, na mimi hata chumvi ya jirani nilikuwa namtuma mdogo wangu akaombe. Nikapepeta kwa nguvu mpaka mtama ukamwagika chini.

Mtamba akaenda mnadani. Fundi akakata bati.

Jioni ya kwanza baba alikaa mbele ya jiko amenyoosha miguu kama mkuu wa wilaya. Lakini jiko lile lilikula kuni kama tanuri la matofali, na kuni nilizileta mimi, kichwani, kutoka vichaka vya mbali kwa sababu vya karibu vilikuwa vimekwisha. Moto ukififia, joto lote lilipanda na bomba likaenda zake. Upepo ukivuma, moshi ulirudi chini na kutujaa machoni. Fundi akaitwa, akasema bomba ni fupi. Kipande cha kuongezea kilimla mbuzi. Kisha akasema linahitaji kofia, na kofia ikala kuku. Moshi uliendelea kurudi. Fundi hakurudi.

Bibi akaanza kukohoa. Jioni moja, moshi umetanda, alisimama, akakunja ngozi zetu mbili za kulalia na kuniambia, "Nishike mkono." Tukavuka uwanja kuelekea kile chumba cha tembe kilichobaki. Baba akatufuata.

"Mama! Unakwenda kulala na ndama, na mwanao ana nyumba ya bati? Watu watasemaje?"

Bibi alishindwa kujibu kwa kikohozi. Nikasikia mtu anajibu, kumbe ni mimi.

"Baba, nenda kawaombe hao watu watupe mtamba."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na kinu. Nilisubiri kofi. Hakunipiga. Aliondoka, akarudi na blanketi lake mwenyewe, akaliweka kizingitini bila kuingia. Sikumshukuru. Mpaka leo sijamshukuru.

Ndani walikuwamo ndama wawili wadogo tu, wamejikunja pamoja kwenye kona ya mbali. Kando ya fito, upande wa bibi, sakafu ilikuwa na bonde, pale alipokuwa akilala yule mwekundu. Bibi alijilaza, akapitisha mkono katikati ya fito, akapapasa bonde lile, akaurudisha mkono chini ya shuka.

Nikazunguka ua. Nikatandika ngozi yangu kwenye lile bonde, nikalala, nikaegemeza mgongo kwenye fito.

"Jibane vizuri huku," bibi akasema. "Mwenzako alikuwa mnene."

Nikajibana.