Vidole Vitatu Chini ya Taa

Daftari langu la miaka ile ya Ujamaa bado ninalo, na kurasa nyingi ni za vidole tu. "Jumatatu, kidole kimoja." "Alhamisi, kimoja na kidogo." Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo sijui kama naandika inavyotakiwa, ila vidole hivyo nilivipima kwa haki. Ndivyo vilivyoweza kuingia kinywani mwangu siku hiyo.

Nilikuwa fundi cherehani Ng'ambo, hapa Tabora. Tulikuwa mafundi sita wa ushirika, tukishona sare za shule. Mkasi ulikuwa mmoja, umefungwa kwa kamba kwenye meza ya kukatia ili usipotee. Kuinuka kila mara kuufuata ilikuwa kupoteza siku, basi sote tulikata uzi kwa meno, hata ule mnene wa kaki. Mimi nilijiona hodari kwa hilo.

Taya langu la kulia likaanza kulia ko, mbele kidogo ya sikio, kila nilipopiga miayo. Baadaye likauma. Mwisho likagoma kufunguka, mke wangu akawa ananipikia uji na mlenda.

Fundi wa cherehani ya pili alikuwa Msukuma, mtani wangu. Hakuniacha.

"Jamani, Mnyamwezi kanyamaza. Mwaka huu tutalala usingizi."

"Subiri nipone," nikamjibu, meno yamefungana.

"Nisubiri nini? Hata tusi lako halitoki nje."

Utani haukuniumiza. Kilichonikosesha raha ni ndoa ya binti yangu wa kwanza, iliyobakiza wiki sita. Baba ndiye anayetamka maneno ya kumwoza. Anaweza kumpa mtu uwakili, na mdogo wangu alikuwa tayari. Dini inaruhusu, hakuna aibu. Lakini nilitaka kutamka mwenyewe. Kama yalikuwa mapenzi au kiburi, mpaka leo sijui.

Nikaenda hospitali. Nikapelekwa kwa nesi mmoja mwenye taa ya balbu nyekundu, ya kutibu viungo kwa joto.

"Shikamoo, baba. Hebu fungua kinywa. Jino hili la mbele mbona lina pengo?"

"Nakatia uzi."

"Tangu lini?"

"Tangu nijifunze kazi."

"Basi taya limechoka, baba. Taa hii italegeza misuli. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Nilimpenda kwa kutoahidi. Alinifunika macho kwa kitambaa kibichi, kisha akachomoa futi iliyokuwa shingoni mwangu akapima kutoka kwenye taa hadi shavuni. Joto lilikuja polepole, kama jua la saa mbili asubuhi. Alipoizima akanionyesha namna ya kufungua na kufunga taratibu, na kupima kwa vidole vyangu mwenyewe. "Vitatu vikiingia, umepona," alisema.

Wiki ya tatu viliingia viwili. Halafu umeme ukakatika, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajiambia joto ni joto. Nikaijaza pasi makaa, nikaishika karibu na shavu, macho nimefunga kama nilivyozoea kwa nesi. Mkono ukachoka, pasi ikagusa.

Mtani wangu alikuja kuniangalia. "Shavu lenyewe halina mikunjo, ulikuwa unanyoosha nini?"

Nilipomrudia nesi, yeye hakucheka. "Taa yangu nimeipima. Pasi uliipima?"

"Sikuipima."

"Na futi ulikuwa nayo?"

"Shingoni."

Hapo ndipo alipocheka. Akanipaka dawa, akaninyima taa mpaka ngozi ipone. Vidole vikarudi kimoja na nusu. Nikamwambia mdogo wangu ajiandae.

Lazima niandike na hili, maana bila hili nitakuwa nimemdhulumu mtu. Siku zile za kungoja, yule mtani aliuvunja wembe, akaupachika kwenye kijiti, akakifunga kwenye cherehani yangu. "Kata uzi hapa," akasema. "Meno yatunze." Tangu siku hiyo sijakata uzi kwa meno. Kwa hiyo nikisema taa ndiyo iliyoniponya, labda nasema uongo. Nilirudi chini ya taa, wembe nao ulikuwepo, mlenda nao, na dua za mke wangu. Ninachojua ni kwamba vidole viliongezeka tena.

Siku ya ndoa tuliketi mkekani, mdogo wangu ubavuni kwangu. Shehe akauliza, "Unaoza mwenyewe, au umempa ndugu yako?"

"Mwenyewe," nikasema. Taya likalia ko. Shehe akangoja, wala hakunikazia macho. Nikatamka neno moja moja, jina la binti yangu nikalitamka lote, na bwana arusi akajibu kwamba amekubali.

Kutoka nyuma ya pazia mke wangu alipiga kigelegele kabla ya wenzake. Kutoka mlangoni nikamsikia mtani: "Kasema mengi sana huyu, kamzimieni ile taa."

Pilau ilipokuja nilikula wali, nyama yangu yote nikampa mtani. Jioni nikajipima. Daftari linasema: "Viwili na nusu. Cha tatu kimegusa meno. Nimeoza mwenyewe."