Ishamba la Mzee Bazikamwe

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na heri ningekuwa nimeisahau. Lakini jana umekuja hapa barazani na viatu vipya, ukaniambia umepata kazi ya ukalimani kwa Wazungu wa kilimo, na kwamba hakuna neno la Kirundi wala la Kiswahili litakalokushinda. Nilikupongeza kwa mdomo, moyoni nikasononeka. Basi kaa, nikwambie jambo ambalo hata wanangu wa kuzaa sijawaambia.

Zamani za Wadachi nilikuwa kijana kama wewe, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kuota. Baba alikuja hapa Rumonge, kando ya ziwa, kutoka Ujiji na biashara yake ya chumvi, akamwoa mama, Murundi wa hapahapa. Kwa hiyo nilikuwa na lugha mbili mdomoni, nikajiona mimi ndiye mimi. Mtu akikosea neno la Kiswahili nilimsahihisha mbele za watu, hata kama ana mvi. Mama alinikanya mara nyingi, sikusikia.

Wakati huo malale yalikuwa yameingia katika vijiji vya ufukweni. Unamwona mtu mzima anasinzia na tonge mkononi, anakonda, mwisho anazikwa. Akaja daktari wa Kidachi na askari wake. Alisema ugonjwa unaletwa na mbung'o, na mbung'o hupenda kivuli kilicho karibu na maji. Alisema kweli, sitamsingizia. Akaamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe, mashamba ya watu tu ndiyo yasiguswe. Akaamuru pia nyumba zihamie juu, na mtu asionekane ziwani, si kwa kuvua wala kwa kuchota maji. Pale penye mitumbwi, palipofyekwa kwanza, akaweka askari wa zamu. Mimi nikachukuliwa kuwa mkalimani, nikapewa tarbushi nyekundu, nikatembea nayo kijiji kizima.

Sasa fikiri, ziwa lote lile liko mbele ya macho yako na huna ruhusa ya kuchovya hata kata. Tulibaki na chemchemi moja tu, juu kidogo ya kijiji, ndani ya miti mikubwa ya asili. Mlinzi wa miti ile alikuwa Mzee Bazikamwe, mtu mfupi, mkimya, aliyeirithi kazi hiyo kwa babu zake. Hakuna aliyekata tawi mle, hakuna aliyeingiza mbuzi, na wanawake walipokwenda kuchota walipita njia moja tu aliyowaonyesha yeye. Pembeni alizungushia migomba na michikichi, ukiwa chini huoni msitu, unaona migomba tu.

Daktari alifika hapo asubuhi moja, amechoka, jasho linamtoka. Kiswahili alikijua kidogo, cha kuombea chakula na cha kuamrisha. Akanyoosha fimbo, akamwuliza mzee mwenyewe bila kunipitia, "Hii nini?"

Mzee Bazikamwe akajibu kwa Kirundi, taratibu sana, "Ni ishamba."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Kumbe shamba. Basi, shamba iache." Akageuka, mguu tayari uko njiani.

Mwanangu, laiti ningekohoa wakati huo. Laiti ningejikwaa. Wewe Kirundi unakijua, unajua ishamba ni nini: ni pori, ni msitu ambao jembe halijaingia. Shamba la kulima wao wanaliita umurima. Daktari alikuwa amesikia lake, mzee amesema lake, na miti imepona. Mimi nikaona nafasi ya kuonekana mjuzi. Nikasema kwa sauti ili na askari wasikie, "Hapana, Bwana. Ishamba kwa hawa watu si shamba. Ni msitu. Hapa hakulimwi kitu." Nikacheka kidogo, nikaongeza kwamba wazee hawa hawajui kusema.

Daktari akarudi. Akapenya kati ya migomba, akaona miti, akaona kivuli, akaona maji. Akanipiga bega, akasema, "Vizuri." Wallahi nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonichoma zaidi ya yote.

Alipokwisha kwenda kuita wafyekaji, Mzee Bazikamwe alinisogelea. Nilidhani atanipiga. Akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilivyotegemea, "Mwana wanje, mwanangu, Kiswahili niko nakijua. Nilikijua mbele baba yako afike huku. Neno lile nililichagua."

Nikamwambia amri ni amri, na mbung'o wataua watu.

"Mbung'o iko chini kwenye matete," akasema. "Nimekaa hapa maisha yangu yote, hajaniuma hata mmoja. Ungeniuliza." Basi. Hakunitukana, hakunilaani. Akaenda kukaa kwake, nasi tukaanza kukata.

Kazi ilikwisha kwa siku chache. Mvua za kwanza ziliposhuka, udongo wa mlima haukuwa na kitu cha kuushika, ukateremka wote ukalifukia jicho la chemchemi. Tulifukua, tukafukua tena. Maji yakatoka yana tope, halafu yakawa matone, na kiangazi kilipoingia hapakuwa na hata la kulowesha ulimi. Daktari alikuwa amekwishaondoka kwenda kufyeka kwingine.

Watu watakunywa nini? Ziwani pale palipofyekwa mbung'o walipungua kweli, sikatai, lakini askari yupo, na akikuona na mtungi anauvunja. Wanawake wakaanza kupita kwa kujificha, mbali na macho yake, kule ambako matete yalikuwa bado hayajakatwa. Yaani tuliwatoa kwenye maji salama tukawapeleka mikononi mwa mbung'o, na aliyefanya hivyo ni mimi mwenye tarbushi. Miongoni mwao alikuwamo Mwajuma, dada yangu, mdogo wangu wa mwisho.

Alianza kwa homa. Kisha akawa analala akitwanga, analala akisuka ukili, anaamka anamwuliza mama kama kumekucha, na jua liko kichwani. Alikufa kabla ya mvua kurudi. Hakujua kwa nini, na mimi sikumwambia.

Maiti ya Mwislamu huoshwa, na nyumba nzima haikuwa na maji. Nikachukua mitungi miwili, nikashuka kwenye matete yaleyale. Nyuma nikasikia mtu. Alikuwa Mzee Bazikamwe, amevunja tawi lenye majani. Nilipoinama kuchota, mbung'o wakaja, naye akasimama nyuma yangu akiwafukuza mgongoni mwangu, shingoni, miguuni, yeye mwenyewe kifua wazi. Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Chota. Watu wako wanangoja." Tukapanda naye mpaka mlangoni, akanisaidia kutua mitungi, akaenda zake. Siku hiyohiyo nilivua tarbushi na kazi nikaiacha, lakini nani alihitaji kuacha kwangu wakati huo?

Sasa sikia, maana utakwenda na Wazungu hawa wa kilimo milimani, nao watauliza hili ni nini na lile ni nini. Si wabaya wote, na mengine wanayosema ni kweli. Ila mwenye mahali akijibu, usikimbilie kumfafanua kabla hujamwuliza yeye pembeni kwa nini amejibu hivyo. Mti usiokatwa miaka yote una mtu aliyeukataza kukatwa, na ana sababu. Mtafute, mkalie chini, msikilize mpaka amalize. Na ukiona neno limeokoa maji ya watu, hata kama limekosewa, meza ujuzi wako unyamaze. Utaonekana mjinga. Mimi nilionekana mwerevu, na dada yangu yuko kaburini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya kukupa maneno, na watakaokuwa nyumbani kwako siku yako ya mwisho wasitaabike kutafuta maji.