Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, alikuwa akipikia sebuleni tangu jiko la nje libomoke. Alipolazwa hospitali ya Nyankunde kwa ajili ya kifua, munganga alimwambia wazi: asirudi kulala kwenye nyumba ile mpaka moshi utoke. La sivyo, kaka yake angemchukua akaishi naye Aveba. Yeye alitaka nyumba yake ya Bunia.

Mimi nilikuwa nimetoka Fataki na mfuko mmoja, nikielekea popote, nikafikia kwake. Shule niliiacha mapema, lakini kila nilikolala niliwauliza watu namna wanavyofanya kazi zao. Mwosha mapazia wa hoteli moja aliwahi kunieleza kwamba harufu ya moshi haifichwi kwa marashi. Imekaa kwenye masizi na vitambaa, itolewe huko. Basi nikajenga jiko nje, nikakwangua masizi ya dari, nikasugua kuta kwa maji ya moto na sabuni, nikapaka chokaa. Mapazia nikayaloweka, godoro nikaliweka juani. Mwisho nikapanga mabeseni ya makala, yaani mkaa, kwenye pembe ili yanyonye kilichobaki.

Jirani alisimama mlangoni, akacheka. "Makala ndiyo itafukuza moshi? Weye unaweka mwizi alinde duka!"

"Ngojea, mama. Utaona."

Siku ya kurudi, mama mkubwa alisimama kizingitini akavuta pumzi kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Hakukohoa. Akavuta tena, ndani kabisa, akaingia bila kunishika mkono.

Nikamletea kikombe cha maziwa. Akanywa funda moja, akakirudisha.

"Hii maziwa ulitoa wapi?"

"Kwa yule yule wa siku zote."

"Iko kama mayi ya kisima. Kibuyu yangu iko wapi?"

Nikamletea, kinang'aa. Alikinusa mdomoni, akanitazama. "Uliosha na sabuni?"

Nilikiosha, tena mara mbili. Kilinuka moshi kuliko kitu chochote nyumbani. Kwetu, watu wa ng'ombe, kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijiti kinachowaka polepole, na moshi huo ndio utamu wenyewe. Kile kilifukizwa tangu enzi za mama yake. Nililijua hilo toka utotoni, lakini mikono ilikuwa imeshazoea kusugua.

"Mutoto yangu," alisema, "ulifukuza moshi mpaka ukafukuza na mama yangu."

Kisha akaanza kucheka, na kicheko hakikugeuka kikohozi.

Tangu hapo nafukiza kibuyu kila asubuhi, mbali nyuma ya ua, upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Yeye ananiamuru kutoka barazani: "Funika! Usiache moshi inapotea!" Nikimaliza, lazima nivue shati nilitundike kwenye msumari wa jiko kabla ya kuingia. Anayenuka moshi pale ni mimi peke yangu.

Jana aliuona mfuko wangu karibu na mlango.

"Unaenda?"

"Nilikuwa nafikiria tu."

Akaonja maziwa, akatikisa kichwa. "Bado. Kibuyu ya kuosha na sabuni hairudie haraka."

Nikaonja na mimi. Harufu ilikuwa imerudi yote, ile ile ya utotoni.

"Kweli, mama," nikasema. "Bado kabisa."