Kabla ya Upepo wa Saa Nane

Baba yangu alikuwa dobi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifua mashuka ya hoteli moja ndogo mjini Dodoma, jirani na stesheni ya zamani, jengo la enzi za ukoloni lenye kuta nene, ua katikati na baraza linaloizunguka nyumba kwa ndani. Hakuwahi kulala humo hata siku moja. Mimi nimelala humo siku mbili, wakati nyumbani Mkonze, mwendo wa bajaji usiofika nusu saa, ndugu zangu walikuwa wamekaa matanga yake wakinisubiri. Kaka nilikuwa nimemwambia bado niko Dar es Salaam.

Nianze na hoteli nyingine, maana huko ndiko habari iliponikuta.

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Watu hudhani ni kazi ya kunywa, kumbe ni ya kunusa na kutema. Unavuta kijiko kimoja mdomoni kwa kelele, unatema kwenye ndoo, unaandika alama. Baba alipenda kuwaambia wenzake, "Binti yangu nilimpeleka shule akajifunza kutema mate," na alilisema kwa majivuno kuliko mwenye mtoto daktari. Mwaka huu nilipelekwa Guatemala, Amerika ya Kati, kwa mafunzo ya wiki tatu katika mji wa kale uitwao Antigua. Njia zake ni za mawe, makanisa yaliyoangushwa na matetemeko yameachwa yalivyo, na nyuma yake kuna mlima unaotoa moshi kila asubuhi kama mama aliyedamka kuwasha jiko. Walitulaza katika hoteli ndogo iliyojengwa kwa mtindo wa wakoloni wa Kihispania. Siku ya kwanza nilisimama uani nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimebadilisha ndege tatu ili nifike kwenye hoteli ya baba. Kuta zilikuwa nene vilevile, baraza lilikuwa lilelile, ila wao walikuwa na maua na rangi ya manjano.

Kitu kimoja tu kilinikera. Mashuka yao yalikunjwa mkunjo wa mwisho ukiwa nje.

Dodoma ni mji wa upepo na vumbi. Baba alianika mapema asubuhi na kuanua kabla ya saa nane, kwa kuwa saa nane upepo huamka, na shuka jeupe likiukuta kambani limekwisha. Mkunjo wa mwisho aliuingiza ndani, ili vumbi likitua litue upande ambao mgeni haulalii. Nyumbani tulikunja hivyo kila kitu: khanga za mama, sare za shule, hata magazeti. Nimeolewa, nimeachika, nimehama mikoa minne, na sijawahi kukunja kitu kwa namna nyingine.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi kule, saa kumi jioni nyumbani, kaka alipiga simu. Akasema, "Mzee ametuacha."

Nikasema, "Sawa."

Nilisema sawa kama mtu aliyeambiwa umeme umekatika. Kisha nikatandua kitanda changu, nikayakunja mashuka upya, mkunjo ndani, nikaenda darasani.

Ningeweza kurudi. Nalisema wazi kwa sababu nimelisemea uongo vya kutosha. Kaka nilimwambia tiketi haibadiliki, na ukweli ni kwamba sikuuliza. Walimzika siku ya tatu. Mimi nilibaki siku kumi na mbili zilizosalia, nikiinamia vikombe visivyo na harufu. Sisemi harufu hafifu. Hapakuwa na kitu kabisa. Pua iliyonilisha miaka ishirini ilikuwa imezimika, na mimi sikushtuka. Nilichungulia karatasi ya jirani yangu, mama mmoja kutoka Honduras, nikaandika alama alizoandika yeye. Nilifaulu vizuri na cheti ninacho.

Nilipofika Dar es Salaam kaka akasema kwenye simu, "Matanga hatuyaondoi mpaka uje. Tumeweka Jumamosi." Nikapanda treni Jumatano hiyohiyo.

Kwetu mtu aliyekosa mazishi haingii msibani kama anayekuja kuomba chumvi. Huanza kulia tangu njiani, wanawake wakimsikia hutoka kumpokea, nao hulia upya naye mpaka ndani. Ndivyo watu wanavyojua kuwa uchungu wako ni sawa na wao, ila ulicheleweshwa na safari tu. Binti wa marehemu akiingia macho makavu, hilo litasemwa mpaka harusi za wajukuu zake. Jumatano ile nilijipima kwenye treni. Nilifikiria mikono ya baba, iliyokuwa imechujuka kwa sabuni. Nilifikiria kikohozi chake. Nilijifinya paja. Nje mashamba ya mizabibu yalipita, yakaisha, na mimi nilikuwa nawaza kama watauza tena karanga.

Mwenye bajaji nilimwambia Mkonze. Kwenye mzunguko wa kwanza nikamwambia ageuze, anipeleke ile hoteli ya zamani ya stesheni.

"Karibu mama," akasema dada wa mapokezi. "Uko na semina?"

Dodoma ya sasa kila mgeni yuko na semina. Nikajibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ni fupi. Asubuhi, nikitoka kunywa chai, mama mmoja aliyeketi mlangoni mwa ukumbi akanivisha shingoni beji iliyoandikwa MSHIRIKI, akanipa daftari na kalamu, nikaingia. Ilikuwa semina ya utunzaji wa nyaraka za vijiji. Nilikaa kutwa nzima, na kesho yake nikarudi. Wakati wa majadiliano mwezeshaji akasema, "Tumsikie mama pale nyuma, amekuwa kimya mno." Nikasimama nikasema la msingi ni kuhakikisha vumbi haliingii. Wakanipigia makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa pamoja.

Kichekesho ni kwamba nilijisikia vizuri mle ndani. Hakuna aliyenitaka nihisi chochote.

Lakini chumbani kulikuwa na kitanda. Jioni ya kwanza nilivuta shuka nikalitazama: mkunjo wa mwisho ulikuwa umeingia ndani. Baba alikuwa amestaafu miaka mingi. Nikaketi pembeni mwa kitanda nikiwa nimelishika, nikasema haya, sasa, lia. Nikangoja. Kilichokuja ni njaa.

Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne, washiriki walipokuwa wanagombea sambusa, nilizunguka nyuma ya jengo. Ua wa kufulia ni uleule. Kamba saba, sinki la saruji, na bati la kivuli ambalo baba aliligongelea mwenyewe. Mama mmoja mnene kidogo, wa makamo, amejifunga khanga juu ya sare, alikuwa anabana mashuka.

"Habari za kazi, dada."

"Njema. Semina wanataka taulo?" Alikuwa ameiona beji.

"Hapana. Nauliza tu, kukunja hivi nani alikufundisha?"

"Mzee mmoja wa hapahapa. Marehemu sasa, tumemzika juzijuzi Mkonze." Akabana kibanio kimoja, kisha akageuka akaniangalia vizuri, pua hasa. "Wewe ndiye binti yake wa kahawa."

Sikukana.

"Pole sana, mdogo wangu. Umefika lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

Nikaona akihesabu siku, na nikaona aibu kwa mara ya kwanza. Nikamwambia yote: simu, tiketi, mama wa Honduras. Nikamwambia, "Sina machozi, dada. Nikiingia pale hivi nilivyo, watasema sikumpenda. Nisipoingia kabla ya kesho, watakuwa wamepata ushahidi."

Akaokota beseni lake. "Mimi siku ya mazishi zamu ilinibana," akasema. "Nilifika wameshafukia. Sikulia nikatosheka. Basi ngoja nianue haya, kisha twende wote. Nitalia mimi. Wewe jifunike khanga, unishike kiuno."

Tuliondoka saa nane na nusu, upepo ukiwa umeanza. Ndani ya bajaji alizungumza habari za kwao Bahi, mpunga ulivyokuwa mwaka huu, kama watu wanaokwenda sokoni. Nilidhani amesahau. Tuliposhuka kwenye kona ya nyumba yetu akajifunga khanga vizuri, akanipa yake ya pili, akaushika mkono wangu akauzungusha kiunoni mwake. Kisha akafungua kinywa.

"Mzee wangu! Nani atanikemea tena! Nani ataniambia shuka hili halijatakata!"

Hakuwa anaigiza. Mwili wake wote ulitikisika mpaka nikapepesuka naye. Wanawake wakatoka mbio, wakatuzingira, wakalia, na mimi nikiwa katikati yao chini ya khanga, macho makavu, nilimwonea wivu. Nasema wivu kwa sababu ndiyo ulikuwa wivu. Mtu baki alikuwa anamlilia baba yangu vizuri kuliko mimi, na alikuwa na haki, maana alikuwa naye wakati mimi nanusa vikombe.

Kaka alikuja kunipokea. Alinikumbatia, kisha akashusha macho mpaka kifuani pangu. Beji ilikuwa bado inaning'inia. Aliisoma, akaivua taratibu kupitia kichwani, akaitia mfukoni mwa shati.

"Semina ilikuwaje?" akaninong'oneza.

Hajaniuliza tena mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kwake.

Mama wa hotelini alikula, akatuaga, akarudi kazini. Mimi nililala na wanawake sebuleni kwenye mikeka. Walinipa pole, wakanisifu kwa kuja kutoka mbali. Nilijibu asante kila mara.

Jumamosi kulipokucha shangazi alinigusa bega. Ni dada yake baba, mwanamke mkavu, mfupi, anayeishi Chamwino na asiyependa maneno mengi. Nikamfuata hadi nyuma ya nyumba.

"Jana nilikuwa nakuangalia," akasema. "Hukulia."

"Sikulia, shangazi."

"Aliyelia ni yule wa hotelini."

"Ndiyo."

Nikasubiri kemeo. Kwa kweli nililitaka. Shangazi akavuta ndoo, akakaa juu yake.

"Mama yako alipofariki wewe ulikuwa shule, ukaletwa siku ya kuzika. Hukuyaona. Baba yako hakulia. Alifua. Alifua mashuka, mapazia, nguo zenu zote, zikaisha akaenda kwa jirani akaomba za kwao. Siku tatu. Watu wakasema huyu hakumpenda mkewe. Mimi ndiye niliyekuwa namchotea maji, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua."

Nikakumbuka kitanda cha Antigua, na mashuka niliyoyakunja baada ya kusema sawa. Sikumwambia.

Aliingia ndani akatoka na furushi. "Haya ndiyo aliyolalia mwisho. Mke wa kaka yako alitaka kuyafua siku ileile, nikakataa. Nikasema mzee ana binti yake, atakuja."

Yalikuwa yamekaa karibu wiki tatu, yamefungwa fundo. Nikalifungua. Nikainamisha uso nikanusa, kwa mazoea tu ya kazi, kama ninavyoinamia kikombe.

Kwanza sabuni ya mche. Halafu dawa ya kuchua magoti. Halafu ugoro, aliokuwa akituambia ameacha. Na chini ya yote hayo, hafifu, jasho lake mwenyewe, lile nililolijua nikibebwa mgongoni kutoka hotelini nikiwa na miaka minne, sijui mitano. Nilinusa tena. Alikuwepo. Pua yangu ilikuwa imerudi, na mbele yangu palikuwa na beseni la maji na povu.

Sikutaka kuyafua. Nilimpenda baba yangu, na kilichobaki cha mwili wake juu ya ardhi nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili. Nilimtazama shangazi nikitumaini ataniambia niyaweke.

"Fua, mwanangu," akasema. "Upepo haukungoji."

Nikayatia majini. Niliyafua mara mbili na kuyasuuza mara tatu, kama baba alivyoyafua ya wageni, shangazi akichota maji. Saa tatu yalikuwa kambani. Watu walikuja, wakasali, nguo zake zikagawiwa, kaka akapewa koti na mimi nikapewa sweta. Ilipofika saa saba na nusu wageni walikuwa bado wanakula ugali na mlenda. Niliinuka katikati yao nikaenda kuyaanua. Yalikuwa yamekauka na kutakata. Nikayakunja, mkunjo wa mwisho ndani, kisha nikainama nikanusa. Yalinukia sabuni tu, kama mashuka ya mgeni yeyote.