Nilimdanganya Mama Aliyeninyonyesha, Nyumba Yake Ikaanguka

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili usinionee huruma ukiendelea kusoma. Huruma nisiyoistahili nimeshaipata ya kutosha. Majina ya watu nimeyabadili, lakini mambo ni haya haya.

Mimi ni mtu wa Chake Chake, Pemba. Nimezaliwa mtaa wa zamani, kwenye zile nyumba za mawe na chokaa zilizojengwa na wafanyabiashara wa karafuu. Chini duka, juu watu wanalala, mbele roshani ya mbao. Kiwanda cha mafuta ya karafuu kikianza kupika makonyo, vile vikonyo vya karafuu, harufu inakufuata mpaka kwenye nguo za kabatini. Nyumba zile zimeshikana. Ukuta mmoja unabeba dari za watu wawili.

Upande wa pili wa ukuta wetu walikaa Bi Time na mumewe Mzee Faki, mstaafu wa pale kiwandani. Mama yangu aliugua sana baada ya kunizaa, na Bi Time ndiye aliyeninyonyesha pamoja na binti yake. Kule juu palikuwa na mlango mdogo ndani ya ukuta, wanawake wapitiane bila kuteremka barabarani. Mimi nilipitishwa hapo nikiwa mchanga, kwenda kunyonya na kurudi. Bi Time ni mama yangu, kwa dini na kwa mapenzi.

Wazazi wangu walipofariki, nyumba ikawa yangu. Wakati huo nafanya biashara Unguja, na kila nikija Pemba naiona ile nyumba kama aibu. Chokaa inabanduka, roshani imeliwa na mchwa. Nikataka tofali, madirisha ya alumini, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Marafiki wakanisifu. Kichwa kikavimba.

Nikamwita Fundi Hamad, mwashi wa hapo mjini. Akazunguka, akatazama, akaniambia, "Usiguse kitu mpaka nije nifunue dari. Boriti za nyumba hizi zinapita mpaka kwa jirani. Nina kazi mji wa Mkoani, nikimaliza nakuja."

Sikumngoja. Nilikuwa na haraka ya kurudi Unguja, nikatafuta watu wengine wenye nyundo.

Asubuhi ya kuanza kazi Bi Time akaja, kanga kichwani, akasimama mlangoni mbele ya majirani.

"Mwanangu, ukuta huno wetu sote. Fundi keshautazama?"

"Keshautazama, mama. Fundi Hamad kaupima, kasema hautikisiki."

"Basi bismillahi. Wewe huwezi kunitia hatarini."

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo.

Boriti zilipoanza kung'olewa, ukuta ukawa unatoa mchanga, unachuruzika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Mmoja wa wabomoaji akaniuliza kama tusimame. Nikamwambia aendelee.

Masika yakaja, ufa ukafunguka upande wa Bi Time. Mchana mmoja dari ya chumba chao cha kulala ikashuka yote, na nusu ya ukuta ikaifuata. Mzee Faki alikuwa msikitini, Bi Time yuko uani. Hakuumia mtu. Tukasema alhamdulillahi, na mimi nikadhani limepita.

Halikupita. Mzee Faki macho yake yalikuwa yamekwisha zamani. Lakini nyumba ile aliijua kwa mkono. Alikuwa akishuka ngazi peke yake, akishika kuta za mtaa mpaka msikitini, na kurudi vile vile. Watu wakisahau kama haoni.

Wakahamia kijiji cha Vitongoji kwa binti yao. Nyumba nzuri, ya tofali, ina uwanja mpana. Nilipokwenda kuwatazama nilimkuta mzee amesimama chumbani, anapapasa ukuta.

"Unatafuta nini, baba?" nikamuuliza.

"Mlango wa ngazi."

Nyumba ile haina ngazi.

Kutoka hapo alikuwa haendi msikitini ila ashikwe mkono, naye hakupenda kushikwa. Akaacha kwenda. Baadaye akaacha kula vizuri. Msimu wa karafuu ulipofika, yeye tulikuwa tumeshamzika. Ajali anaipanga Mungu, silibishi hilo. Lakini aliyemtoa mahali alipojua njia ni mimi.

Kwenye msiba watu walikuwa wakisema, "Yule Hamad kaivunja nyumba ya watu." Nilikuwepo, nakunywa kahawa, nikanyamaza. Hamad mwenyewe akanifuata pembeni.

"Waambie tu kwamba ukuta ule sikuupima wala sikuugusa."

"Nitawaambia," nikamjibu.

Sikuwaambia. Watu mjini wakaacha kumpa kazi, akahamishia shughuli zake Mkoani.

Jengo langu lilipokwisha na wapangaji wakaingia, nikashindwa kulala ndani yake. Nikaenda Vitongoji. Bi Time alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamweleza kila kitu. Kwamba fundi hakuupima ukuta, kwamba nilimdanganya yeye mbele ya watu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na Hamad umeshamwendea?"

"Bado, mama."

"Basi kuno kwangu umekuja kufanya nini?"

Akaendelea kusuka.

Nilikwenda kwa Hamad. Na Ijumaa, baada ya sala, nikasimama mbele ya watu wa mtaa nikasema kama ninavyosema hapa. Hamad akanipa mkono. Lakini wateja wake wa Chake hawakurudi kama zamani.

Bi Time naye amenisamehe kwa mdomo wake. Nikienda ananikaribisha, kahawa inaletwa na tende, ananiuliza habari za watoto. Zamani nilikuwa naingia mpaka jikoni nafunua sufuria. Siku hizi nakaa barazani, naagwa kwa adabu, na jina analoniita ni lile alilonipa baba yangu. "Mwanangu" sijaisikia tena.

Ndugu yangu uliyerithi nyumba ya zamani, kama ukuta wako ni wa mwenzio pia, ngoja fundi. Mngoje hata akichelewa. Na huyo jirani akikuuliza, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo itakusimamishia ujenzi wako.

Mimi nilikuwa na mama wawili. Mmoja Mungu alimchukua. Wa pili nimempoteza yuko hai, hapo Vitongoji tu, na nikibisha hodi ananifungulia.