Siku Nilipomzuia Baba Wambui

Jumamosi ya mwisho ya Julai 1982, Baba Wambui, fundi mbao wa chumba cha jirani pale mtaa wa Maringo, Nairobi, alinichapa drafti mara nne. "Mwalimu, hesabu zako unazimalizia kwa watoto wetu!" Akacheka mpaka machozi. Nilikuwa mkimbizi kutoka Kampala, mwaka wa tano nikifundisha shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi. Wanawe walikuwa wameanza kufaulu mitihani, na mkewe hakukosa kuniletea githeri, mahindi na maharagwe. Lakini nikishafunga mlango sikuwa na wa kuongea naye Kiganda. Upweke ule ulinitafuna.

Jumapili tuliamshwa na risasi upande wa Eastleigh. Redio ikasema serikali imepinduliwa. Watu wakamiminika kuelekea Jogoo Road, matawi mkononi, wakiimba.

Baba Wambui naye akavunja tawi uani.

Nikasimama langoni. "Huendi."

"Hii ni nchi yangu, Mganda. Nipishe."

Haki ya Mungu, niliumia. Sikumpisha.

Miaka yote niliwaacha majirani waamini kwamba mimi nilionewa tu. Siku hiyo nikasema.

"Hata mimi nilishangilia. Wanajeshi walipochukua serikali kwetu, nilicheza barabarani. Pacha wangu, Kato, alikuwa amelala. Nilimwamsha, nikamkatia tawi mwenyewe. Miezi michache baadaye, askari wale wale walimtoa kazini, wakamtia kwenye buti ya gari. Hata kaburi hatuna."

Alinitazama sana. "Ulishangilia?"

"Nilishangilia."

Akatupa tawi, akaketi chini.

Mchana wakaja wanajeshi wengine, watiifu kwa serikali, kuzima mapinduzi.

Tulilala kifudifudi chumbani kwake, Wambui amening'ang'ania shati. Mbio. Risasi. Kimya.

Ouma wa chumba cha mwisho, aliyetoka asubuhi akiimba, hakurudi.

Kwa majuma kadhaa askari walipekua nyumba hadi nyumba wakidai vitambulisho, na wageni ndio tuliotazamwa vibaya zaidi. Walipofika kwangu, Baba Wambui alikuja mbio na vumbi la mbao kichwani, akasimama kati yetu. "Huyu ni ndugu yangu. Ndiye anayewasomesha watoto wetu." Wakaniacha.

Maringo bado wanasema nilimwokoa, naye akaniokoa. Ni kweli, na ninashukuru. Lakini Kato hakupata mgeni wa kumzuia langoni. Alikuwa na mimi, wa tumbo moja, niliyemvuta shuka nikamwambia, "Amka bwana, tunachelewa."