Gunia la Michembe Lililopita Madhabahuni

Wanaonifahamu leo, hasa vijana ambao nimewakemea kwa miaka mingi juu ya majivuno, wakiyasoma haya watakuwa na haki kamili ya kunicheka, nami sitawazuia, kwa sababu mtu aliyepata kumtolea Mungu kitu alichokionea haya yeye mwenyewe, kisha akasimama mbele ya waumini kupokea sifa za ukarimu, hana pa kuuficha uso hata akiota mvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limekwisha kufunguliwa, na sisi watu wa Buhongwa kila juma tukiona dukani kitu ambacho juma lililopita hakikuwapo. Nilikuwa nimechaguliwa kujiunga na chuo kikuu huko Dar es Salaam, lakini tukaandikiwa barua kwamba tusubiri nyumbani muhula mmoja mzima, tutaanza mwezi wa tatu, mvua za masika zikiingia. Muhula ule ndio ulioniharibu. Kijana anayekwenda chuoni moja kwa moja hapati nafasi ya kujivuna. Anayesubiri anayo tele, na mimi niliitumia yote. Nilikwenda mjini nikanunua koti la mitumba, zito, la sufu, lililoshonwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye theluji, nikawa nalivaa saa saba mchana kwenye jua la Mwanza huku nimekumbatia kitabu kinene (ambacho nusu yake sikuielewa, na ile nusu nyingine sikuifikia). Watu wakaanza kuniita Msomi. Walikuwa wananitania. Mimi nilikuwa naitika.

Mama yangu naye alikuwa akijiandaa, ila kwa namna yake. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo mizigo ya safari zangu zote aliifunga yeye. Miezi yote ile ya kusubiri alikuwa anachimba viazi vitamu, anavikata vipande vyembamba, anavianika juu ya lile jabali lililo nyuma ya nyumba yetu mpaka vinakauka kabisa na kuwa michembe, chakula ambacho Msukuma akikichemsha na maharage anaweza kulima hadi jioni bila kuuliza kuna nini kingine. Jumamosi, siku moja kabla ya safari, akaniita.

"Ile bahasha ya karatasi zako iko wapi?"

"Ninayo, Mama."

"Nipe nikutunzie. Kwenye treni watu wanachana mabegi kwa wembe."

Nikampa. Ndani mlikuwa na barua ya chuo na vyeti vyangu vyote, na bila hivyo nisingepokelewa chuoni hata kama ningefika na makoti mawili. Sikumwuliza ataiweka wapi, kwa kuwa kila karatasi yangu tangu darasa la kwanza aliitunza yeye. Jioni akatoa gunia dogo, limejaa michembe, mdomo wake ameushona kwa uzi mwekundu alioufumua kutoka sweta langu la shule.

"Hili lisikae mbali na wewe, baba. Ukilala, lilalie."

"Mama, chuoni kuna bwalo."

"Bwalo linafungwa. Michembe haifungwi."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiona nashuka stesheni mbele ya watoto wa mjini, koti begani, gunia kichwani. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo, na ninasisitiza kwamba ulikuwa mdogo: treni inaondoka Jumapili jioni, ibada ni asubuhi, na mimi natakiwa kutoa sadaka ya shukrani. Basi nitaitoa michembe. Mungu atapata sadaka, mimi nitapata wepesi wa mzigo, na Mama, ambaye asubuhi atabaki nyumbani kuwapikia wageni wa kuniaga, atadhani nimekwisha kulituma gunia stesheni. (Angalia, msomaji, jinsi dhambi inavyojua kupanga ratiba.)

Kanisani kwetu, asiye na fedha taslimu alileta alichonacho, kuku, mayai, mihogo, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa uwanjani, fedha ikaingia kwenye mfuko wa kanisa. Nikalibeba gunia mwenyewe, taratibu, kwa kupitia katikati ili wa kulia na wa kushoto wote waone, nikaliweka mbele ya madhabahu. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema huyu ni kijana ambaye elimu haijamsahaulisha chakula cha kwao, akaniomba niseme maneno mawili. Nikasema kama mia nne. Niliwaasa waumini wajifunze kutoa kile wanachokipenda.

Mnada ulikuwa umeanza Mama alipofika, amekwisha kupika. Mnadi wetu alikuwa Mzee Masanja, mzee wa kanisa na fundi baiskeli, mwenye sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kipaza sauti, na wakati ule alikuwa ameliinua gunia juu. Mama akauona uzi mwekundu. Hakupaza sauti, alinishika mkono wa koti akanivuta pembeni.

"Nani amelileta lile?"

"Mimi, Mama. Ni shukrani."

"Umelifungua?"

"Hapana."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la Jumapili. "Karatasi zako zimo," akasema. "Nani angeiba michembe?"

(Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema siku zile sikuwa mtu wa kuambiwa jambo, kila alichofungua mdomo kuniambia nilikuwa nakijua tayari.)

Nikamkimbilia mnadi. "Shikamoo Mzee Masanja."

"Marahaba, Msomi."

"Mzee, naomba hilo gunia, kuna jambo nimepitiwa."

"Mwanangu, kilichopita madhabahuni hakitoki kwa mlango wa nyuma. Kinanunuliwa." Kisha akawageukia watu kwa sauti yake ile. "Jamani, Msomi analitaka tena gunia lake. Nani atampisha?"

Sasa, kama kungekuwa na haki duniani, hakuna ambaye angelitaka. Lakini alikuwapo Mama Kulwa, rafiki wa mama yangu, mchuuzi wa samaki, na miaka ile sangara walikuwa wamewainua wachuuzi kiasi kwamba hata kucheka kwao kulikuwa na mtaji (minofu ilikwenda Ulaya, sisi wengine tukala mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki). Nilipotaja bei, Mama Kulwa akaongeza. Nilipoongeza, akaongeza tena, huku anacheka, kwa kudhani ninawaonyesha watu ukarimu nami nastahili kusaidiwa kuuonyesha. Watu wakashangilia. Nikafikia senti ya mwisho ya mfukoni, naye hajaanza kuhema.

"Na koti naweka," nikasema.

Uwanja ukaangua kicheko.

"Koti la nini, mwanangu?" akasema Mama Kulwa. "Labda nimvike sangara." Akaongeza mara ya mwisho, gunia likawa lake.

Ningeweza kumnong'oneza ukweli hapo hapo, na yeye angenielewa. Lakini nilikuwa bado natafuta maneno yenye heshima, na wakati ninayatafuta, Mama Kulwa akaomba kisu, kwa sababu kwetu anayenunua kitu cha kuliwa mnadani huwaonjesha wazee, akaukata uzi mwekundu, akamimina michembe kwenye ungo mbele ya kanisa zima. Bahasha ikaanguka juu yake, imefungwa kwa nailoni.

Mzee Masanja akamkabidhi Mchungaji. Mchungaji akavaa miwani, akaitoa barua, akaisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akatufasiria kwa Kiswahili, polepole, kwamba mhusika anajulishwa kwa furaha kuwa amechaguliwa kujiunga na masomo ya shahada, aripoti na vyeti vyake halisi.

"Basi Bwana amepata chuo," akasema mtu mmoja nyuma.

Sijapata kusikia kicheko kama kile tangu siku hiyo. Hata Mchungaji alivua miwani akajifuta macho. Kisha akanigeukia, na watu wote wakanigeukia.

"Kijana, na vyeti hivi ulikusudia kuvitoa?"

Ndugu zangu, nilifungua mdomo. Mimi niliyesema maneno mia nne asubuhi ile sikupata hata moja. Mama akainuka kutoka vumbini, akajipangusa.

"Ni mimi, Mchungaji. Yalikuwa magunia mawili, moja la sadaka, moja la safari. Nikayachanganya. Ni utu uzima."

Hakuwa hata na miaka hamsini. Ndio uongo pekee niliopata kuusikia kinywani mwake, na aliusema hatua chache kutoka mlango wa kanisa, kwa ajili yangu, nami nikauacha upite. Mengine yote ya siku ile nayacheka. Hilo silicheki.

Mama Kulwa akanirudishia bahasha, kisha akairudisha michembe yote guniani, akaliweka begani kwangu. "Chukua na hii. Karatasi bila michembe hazifiki Tabora." Koti halikurudi. Nilikuwa nimelitaja mnadani mbele ya mashahidi, na Mzee Masanja akasema neno la mnadani ni neno. Likauzwa, akalinunua yeye, akawa analivaa akiziba pancha kwa miaka mingi.

Nilipanda treni jioni ile bila koti, nimelikumbatia gunia, na njia nzima nililala juu yake kama nilivyoagizwa. Chuoni, wiki ya tatu, bwalo lilifungwa. Tulikuwa wanne chumbani, mmoja wao mzaliwa wa mjini hasa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza mama yangu ataleta michembe mingine lini.

Nilikaa miaka kumi kabla ya kukiri. Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo, Mama anakata viazi, mimi naanika, nikamwambia kwamba siku ile nililitoa gunia kwa sababu nililionea haya.

"Najua," akasema, bila kuinua macho. "Gunia halina miguu, baba."

"Sasa kwa nini ulinisitiri?"

"Ungeanza kueleza. Na wewe ukianza kueleza humalizi. Treni ingekuacha."

Nikaendelea kuanika. Tangu hapo sijapeleka madhabahuni kitu ambacho nisingekubali kuonekana nakibeba stesheni, na kila gunia lililoshonwa na Mama nimelibeba mwenyewe, mchana, nikiwa nimevaa shati tu.